Wastani wa Siku Mia Mbili

Soko la hisa la Nairobi hufungwa saa tisa alasiri, na kwa karibu miaka miwili hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu. Wenzangu katika chumba cha walimu kule Ruiru walishanizoea. Mwalimu wa hesabu akishaketi kwenye kiti cha dirishani na simu mkononi, usimwombe chaki, usimwulize habari za mkutano wa wazazi, mwache. Mmoja wao alidhani nina mpango wa kando, yaani mpenzi wa siri. Nilimwacha adhani hivyo, maana ukweli ungemchosha. Nilikuwa naangalia grafu ya bei ya hisa, na nilikuwa nangoja kufukuzwa.

Nieleze vizuri. Mume wangu alikuwa Ghuba, fundi wa umeme katika jengo refu ambamo kazi yake kubwa, kwa maelezo yake, ilikuwa kupoza hewa ya matajiri. Mimi nilibaki Ngoingwa, katika nyumba tuliyopanga ghorofa ya tatu, na binti yetu yuko shule ya bweni. Tulikuwa na akaunti moja ya programu ya kuchora grafu za hisa. Ilikuwa ya bure, na ya bure ilikuwa na sharti lake: haikufunguka mahali pawili kwa wakati mmoja. Akiingia yeye, mimi natolewa. Skrini inageuka nyeupe na kisanduku kidogo kinatokea katikati kikisema akaunti yako imefunguliwa kwenye kifaa kingine.

Watu wengine hukasirishwa na vitu kama hivyo. Mimi nilikipenda kile kisanduku kuliko salamu yoyote. Kule alikokuwa saa ni ileile ya kwetu, na saa tisa walipewa mapumziko mafupi. Msimamizi wao hakutaka kuona mtu akipiga simu akiwa zamu, lakini mtu akichungulia simu yake kimya kimya hakuna aliyemsumbua. Kwa hiyo nikitolewa nilijua ameketi, amevua glavu, amekunywa maji, yuko mzima. Nilijua kwamba dakika hiyohiyo macho yake yako juu ya mstari uleule niliokuwa nautazama. Nilikaa na ile skrini nyeupe mpaka kengele ya kipindi cha mwisho ilie, halafu nikaenda kupambana na kidato cha tatu.

Jumapili tulizungumza kwa simu, ndiyo. Lakini mazungumzo ya Jumapili yalijaa ripoti ya shule, mguu wa mama yake, maji yaliyokatika mtaani, mtandao unaokwama mtu akiwa amefungua mdomo. Tulitoa taarifa kama watu wa redio. Saa tisa ndiyo iliyokuwa yetu.

Tulikutana mtaa wa Kahawa Sukari, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu na nimepanga nyumba na wasichana wenzangu. Mota ya kupandisha maji kwenye tangi iliungua, na mwenye nyumba akamleta kijana mmoja wa Thika, mrefu, mwenye ovaroli ya bluu iliyomfikia juu ya vifundo vya miguu. Nikamwuliza atachukua muda gani. Akanijibu kwamba mota haiungui siku moja. Hii, akasema, imekuwa ikiungua tangu Krismasi, ni nyinyi tu hamkuisikiliza. Nilikasirika sana, kwanza kwa sababu alisema ukweli, na pili kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake na povu la sabuni kichwani.

Hiyo ndiyo akili yake mpaka leo. Baadaye alipata kazi katika kiwanda kimoja Thika, kitengo cha ukarabati, na kazi yake ilikuwa kuzunguka akisoma joto la mota na kuliandika. Wenzake waliangalia kama joto limepita kiwango. Yeye aliangalia linaelekea wapi. Mota yenye joto la wastani linalopanda kila wiki ilimtia wasiwasi kuliko mota ya moto iliyotulia pale pale. Mimi ni mtu wa hesabu, na mwanamume anayeelewa mteremko wa mstari bila kufundishwa si rahisi kumwacha apite.

Kisha kiwanda kikakifunga kile kitengo. Walimlipa haki zake, na sehemu kubwa tukanunua hisa za kampuni moja iliyokuwa ikisifiwa kila mahali Thika, kanisani, kwa kinyozi, hadi kwa mama mboga. Tulikuwa na shabaha moja. Hisa zikipanda tuziuze, tufungue karakana Ruiru, karibu na viwanda, awe anafunga upya nyaya za mota zilizoungua. Bei ilipanda kidogo, tukafurahi, tukaenda kuangalia vibanda vya kukodi. Halafu ikaanza kushuka, na ikaendelea kushuka bila haraka.

Wenye hisa wenzetu walikuwa na njia zao za kubashiri. Kuna waliosikiliza fununu, kuna waliomsikiliza mhubiri, na kuna kundi la WhatsApp ambalo lilituhakikishia kila Ijumaa kwamba wiki ijayo ndiyo yenyewe. Sisi hatukutaka fununu. Yeye akaitafuta programu, mimi nikaleta fomula.

Si fomula kubwa. Bei ya kila siku hurukaruka, na ukiitazama hiyo peke yake utapata presha. Kwa hiyo unachukua bei za kufungia soko za siku mia mbili zilizopita, unajumlisha, unagawanya kwa mia mbili. Kesho yake siku ya zamani kuliko zote unaitupa, unaingiza mpya, unagawanya tena. Majibu hayo ukiyaunganisha unapata mstari mtulivu unaoifuata bei kwa nyuma. Halafu nikaongeza kipande changu: wastani wa leo toa wastani wa mwezi uliopita. Jibu likiwa chanya, mstari upakwe rangi ya kijani. Likiwa hasi, uwe mwekundu. Kidato cha tatu wangeifanya usingizini, kama wangekuwa wanafanya kitu chochote wakiwa macho.

Programu ilikuwa na lugha yake ndogo ya kuandikia mambo hayo, na ilikuwa kali kuliko mimi. Ukisahau mabano, haikusamehe. Tulishinda nayo Jumamosi nzima, mimi nikiandika, yeye akisimama nyuma yangu na kikombe cha chai akiniambia niangalie mstari wa nne, mwalimu, angalia mstari wa nne. Ilipokubali, grafu yote ilichoreka nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuligongeana viganja kwa furaha, watu wawili wanaopoteza pesa zao, kwa sababu fomula ilifanya kazi. Akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akanibusu kisogoni. Tangu siku hiyo ile kompyuta ilikaa wazi juu ya meza ya kulia, karibu na ndizi, na hatukuizima hata usiku.

Kazi Thika haikupatikana. Alipoitwa Ghuba, tulikaa kwenye ile meza tukapatana. Hatutauza kwa hasara. Atakwenda kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mstari ukigeuka kijani na ukakaa kijani, tunauza, anarudi, karakana inafunguliwa. Usipogeuka, ataongeza. Tulilisema hilo kwa sauti ya watu wenye akili timamu. Hakuna aliyesema neno kutamani, wala neno upweke. Tulikuwa tumeikabidhi fomula jambo ambalo sisi wenyewe tuliogopa kulisema.

Aliondoka Jumanne. Soko lilikuwa wazi siku hiyo, na bei ya kufungia ikaingia kwenye wastani kama bei nyingine yoyote. Ile kompyuta nikaizima jioni ileile, kwa sababu sikuweza kuitazama. Tangu hapo nilitumia simu.

Kitu kimoja kuhusu wastani mrefu ambacho huwa siwaambii wanafunzi: hubeba siku za zamani muda mrefu sana. Kila alasiri nilipoufungua ule mstari, ile Jumanne ilikuwa ndani yake, sehemu moja kwa mia mbili ya jibu. Na siku za kabla yake pia, za ndizi na chai na mstari wa nne. Nilijua hesabu ilivyo. Kila siku mpya ikiingia, siku moja ya zamani inatoka, na ya zamani zilikuwa ndizo zetu. Nilijua alasiri ambayo Jumanne ile ingetoka. Ilipofika, niliketi dirishani nikaona mstari umesogea kidogo tu, mtu mwingine asingeona kitu, na nikajua kwamba kuanzia hapo hakuna hata siku moja katika jumla ile ambayo alikuwa nyumbani. Nililia mbele ya mwalimu wa historia. Nikamwambia ni homa ya mafua.

Ni wakati huo nilipoanza kuchezea namba.

Mia mbili ni namba ya mtu mwenye subira. Ukiibadilisha ukaweka mia, mstari unakuwa mwepesi, unasahau haraka, unageuka mapema. Ukiweka hamsini, unageuka mapema zaidi. Nilijiambia kwamba natafiti. Nikaweka mia: mwekundu. Kesho yake, bila kuangalia namba niliyoikuta, nikaweka hamsini: mwekundu, lakini umelegea. Nikaweka ishirini, namba ambayo ningemkemea mwanafunzi kwa kuitumia, na Alhamisi moja ukawa kijani. Kipande kifupi cha kijani mwishoni mwa grafu, urefu wa ukucha. Sikungoja. Nilitoka shuleni nikapitia sokoni Thika nikanunua nyama, nikabadilisha shuka, nikafagia hata varanda, kwa ajili ya mtu aliyekuwa mbali namna ile. Nilitaka tu aingie kwenye akaunti akute ishirini yangu na kijani changu, aelewe.

Alasiri iliyofuata nilipofungua grafu, namba ilikuwa mia mbili. Mstari mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikaweka ishirini tena. Dakika chache baadaye nikatolewa, kama kawaida. Jioni nikafungua: mia mbili. Watu waliojua neno la siri la akaunti ile walikuwa wawili. Mimi sikuirudisha.

Nilijaribu kwa majuma. Nikaweka hamsini, labda ishirini ilimwonyesha naharakisha. Mia mbili. Nikaweka mia, kwa unyenyekevu kabisa. Mia mbili. Sikumwuliza Jumapili. Ningeulizaje? Ningesema, mbona unairudisha namba, naye angejibu kwa ile sauti yake ya upole kwamba mpango ulikuwa mia mbili, mwalimu, na angekuwa amesema kweli. Nilimwona kabisa, ameketi kwenye ngazi kule, ananyoosha kidole anaufuta uharaka wangu, anafunga simu, anarudi kazini. Nilianza kufikiri amezoea. Mtu huzoea. Ana kitanda chake, ana marafiki wa zamu, ana mshahara unaoingia bila kuomba. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilianza kutaja makosa yake ya zamani peke yangu nikiosha vyombo, na bado saa tisa ikifika nilikimbilia dirishani ili anifukuze.

Mwaka wa kwanza ulipoisha aliniambia kwamba ameongeza mkataba. Aliniambia kwa haraka, katikati ya habari nyingine. Nikasema sawa. Akasema, sawa basi. Mtandao ulikuwa mzuri ajabu siku hiyo, nilimsikia hadi pumzi.

Mama yake, ambaye sisi sote tunamwita Cucu, yaani bibi, kwa sababu ya binti yetu, anakaa Kamenu katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Jumapili baada ya kanisa huwa nakula kwake. Nilikuwa nimewahi kumweleza habari ya mstari, nikamchorea kwa kijiti uani, mteremko wa kushuka na mteremko wa kupanda. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akataka kujua nani huuvuta. Nikamwambia hakuna anayeuvuta, Cucu, ni bei. Hakuridhika. Kwake kitu hakiwezi kwenda chini muda wote huo bila mtu kukishika mkia.

Ilikuwa Jumapili moja kama hiyo, mwaka wa pili ukielekea kuisha. Mkataba mwingine ulikuwa mezani kwa mume wangu na alitakiwa kutia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. Alimpigia mama yake kwa video. Mimi nilikuwa pale pale natenganisha mawe na maharagwe ya kesho, sisikii wala sisikilizi, ndivyo nilivyojifanya. Cucu hakuzunguka. Alimwuliza kama anarudi au amepata mke huko, aseme ili watu walale.

Akacheka kidogo. Halafu akasema, "Muulize mwalimu. Yeye ndiye ako na namba."

Cucu akanigeukia na simu. "Uko na namba gani, mami?"

Niliichukua ile simu nikatoka nayo uani, maharagwe yakimwagika kutoka mapajani. Uso wake ulikuwa umekonda na ndevu zimechomoza. Sikumwangalia machoni.

"Namba gani, fundi?"

"Mia mbili," akasema. "Kila nikiweka hamsini, nikirudi napata umeweka mia mbili. Nimejaribu hata kumi. Nikaona ni sawa, mwalimu bado anataka nikae."

Nilisimama pale karibu na kamba ya nguo. Nakumbuka kuku mmoja alikuwa anachokora kiatu changu.

"Mimi sijawahi kuirudisha," nikasema. "Ni wewe huirudisha."

"Mimi? Haki ya Mungu sijaigusa."

Tukatazamana. Kisha yule fundi aliyewaambia wasichana wa Kahawa Sukari kwamba hawasikilizi mota yao akaanza kufikiri, nilimwona akikunja paji la uso. Akaniambia nichukue simu yangu kwa mkono wa pili, nifungue grafu, niweke namba yoyote, nisiguse kitu kingine. Nikaweka thelathini. Akaniambia ningoje. Upande wake akachukua simu ya mwenzake wa chumbani, akaingia. Skrini yangu ikawa nyeupe, kisanduku kikatokea. Akaniambia yeye anaona mia mbili. Akaweka arobaini. Sasa ingia wewe, akasema. Nikaingia, yeye akatolewa, na mbele yangu ikawa mia mbili, imekaa pale kama vile hakuna kilichotokea.

Hakuna aliyekuwa akiirudisha. Ile mia mbili tuliihifadhi sisi wenyewe, Jumamosi ile, kwa kitufe. Mabadiliko mengine yote yalikaa juu ya skrini tu, na mmoja wetu alipoingia akamtoa mwenzake, yakapotea kabla hayajahifadhiwa. Tulipokuwa tukitumia kompyuta moja mezani, isiyozimwa, hatukuwahi kulijua hilo. Kile kisanduku nilichokipenda ndicho kilichokuwa kikifuta. Kila mara aliponifukuza, na nikafurahi kwamba yuko hai, alikuwa anafuta bila kujua namba niliyomwekea, na mimi nikaja nyuma yake nikaifuta yake.

Tulicheka. Tulicheka mpaka Cucu akatoka mlangoni kuangalia. Halafu kicheko kikaisha.

"Ulipoongeza mkataba," nikasema.

"Nilisaini kwa sababu ya ile mia mbili," akasema. "Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Nikafungua grafu nione kama umebadilisha."

 Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwaka mzima. Kitanda changu cha Ngoingwa, sahani moja, yeye huko na kalamu yake, na kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyeitaka. Nilitaka kuvunja kitu, lakini kitu cha kuvunja kilikuwa simu ya Cucu, nayo alinunuliwa na mwanawe huyohuyo.

Akaniambia nichague namba sasa, niihifadhi, iwe hiyo. Nikaweka ishirini, nikatafuta kile kitufe kilichojificha nyuma ya vitone vitatu, nikabonyeza. Mwekundu. Nikaweka kumi. Mwekundu. Nikashuka hadi tano, namba ambayo si wastani wa kitu chochote, ni wiki moja tu ya watu kununua na kuuza. Mwekundu. Hisa yetu ilikuwa inashuka kwa kila namba niliyoijua. Akauliza inaonyesha nini. Nikamwambia.

 Nilimwona anatafuta la kusema, na nilijua atakalosema, kwamba basi, mpango ni mpango, labda mwaka mmoja tu tena. Sikumwacha afike huko.

"Rudi," nikamwambia. "Wacha iwe nyekundu. Mimi nakutaka nyumbani."

 Alifuta uso kwa kiganja, kisha akaniomba niseme tena, eti mtandao ulikuwa umekwama. Haukuwa umekwama. Nikasema tena, polepole, kama ninavyowasomea kidato cha kwanza swali la hesabu, na kuku akiwa bado juu ya kiatu changu. Akauliza karakana je. Nikamwambia ataanzia varandani, na mota moja, na majirani wa Ngoingwa wakilalamika kuhusu harufu ya vanishi ya nyaya nitawajibu mimi. Akasema anajua nitawajibu.

Cucu akapiga kelele kutoka ndani kwamba kama tumemaliza kugombana, githeri inapoa mezani.

Hakutia sahihi. Ilibaki miezi miwili ya mkataba wa zamani, na hiyo ndiyo iliyokuwa mirefu kuliko yote. Kila alasiri tuliingia kwenye akaunti kama zamani, sasa tukijua. Sikuweka namba tena wala yeye. Nilifungua tu nikangoja skrini igeuke nyeupe. Zilikuwepo siku ambazo hisa ile haikuuzwa na mtu yeyote soko zima, bei ya jana ikarudiwa ilivyo, na hatukuwa na chochote kipya cha kuangalia, lakini saa tisa na dakika chache alinifukuza. Nilimtamani kwa namna ambayo sikuwa nimejiruhusu kumtamani kabla. Nilikuwa nimeifungia hamu ile ndani ya mia mbili muda mrefu, na ilipotoka ilitoka yote, mbele za watu, katikati ya somo la vekta, kwenye foleni ya unga. Nilinusa shati lake moja hadi likaanza kunukia mimi.

Siku yenyewe niliomba ruhusa ya kuondoka shuleni mapema, nikapewa kuanzia saa tisa. Nilikuwa nimevaa vizuri mno kwa mwalimu anayekwenda kufundisha, na yule aliyedhani nina mpango wa kando akaangalia viatu vyangu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Niliketi dirishani. Saa tisa ilipogonga nilifungua grafu kwa mazoea tu, mikono yangu haikujua kufanya kitu kingine saa hiyo. Mstari ulikuwa mwekundu, unashuka, mtulivu.

Nikangoja. Dakika za kawaida zikapita. Skrini haikugeuka nyeupe. Kwa karibu miaka miwili kitu hicho hasa ndicho nilichokiogopa, kwamba siku moja nitaingia na hakuna atakayenitoa, na nitabaki na ile grafu peke yangu bila kujua kimempata nini. Sasa nilikuwa nimebaki nayo. Alikuwa juu angani mahali fulani, simu yake imezimwa, mkanda umefungwa kiunoni.

Nilikaa mpaka ilipofika saa tisa na robo, kwa hakika tu. Hakuna aliyenifukuza. Nikajitoa kwenye akaunti mwenyewe, kwa kidole changu, mara ya kwanza tangu alipoondoka, nikachukua mkoba wangu nikaenda kumpokea.